Mbwa Mwoga Si Mlinzi: Namna ya Kumtuliza na Kumtia Moyo

Mtu apitaye usiku katika mitaa ya Nairobi yenye nyua na malango, au katika vijiji vya Kiambu na Murang'a, hupokewa na makelele ya mbwa tangu nyumba ya kwanza hata ya mwisho. Mmoja akianza, wote hufuata. Wenyeji hawaamki, maana wamekwisha kuzoea. Na kama mwizi angepita usiku huo huo asingeshtukiwa na mtu, kwa kuwa mbwa abwekaye saa zote hana habari mpya ya kumpa bwana wake.

Wenye mbwa hao, wakiulizwa, husema kwa fahari kwamba mbwa wao ni wakali. Lakini yafaa mtu asimame mchana amtazame vizuri mbwa wa namna hiyo. Amefungwa kwa mnyororo wa hatua tatu chini ya mti au kando ya ghala. Mgeni afikapo langoni, huruka mbele na kubweka mpaka sauti inakauka. Mgeni akipiga hatua moja kumwendea, yeye hurudi nyuma mpaka mnyororo unamzuia. Masikio yamelala nyuma, mkia umeingia kati ya miguu, macho yaonyesha weupe pembeni, naye huramba midomo yake ingawa hapana chakula. Huo si ukali. Huo ni woga, na woga wa kiumbe asiyeweza kukimbia ni jambo la hatari sana.

Mbwa aliyeogopa ana njia tatu tu: kuondoka, kukaa kimya akingoja jambo lipite, au kuuma. Mnyororo humnyima ile ya kwanza, na watu wamsogeleao humnyima ya pili. Hubaki meno. Kwa hiyo wengi wa mbwa waumao si majasiri wanaotafuta vita, ila ni waoga waliokosa pa kwenda.

Hatari hiyo si ya maneno matupu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika kila watu 100 waumwao na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, karibu 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15, na kwamba mbwa ndio chanzo cha visa 99 katika kila visa 100 vya ugonjwa huo kwa binadamu. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kuukomesha ugonjwa huo kwa watu ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango wenyewe ni kuchanja mbwa kila mwaka. Mtu aliyeumwa hana budi kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ni wa jirani na aonekana mzima. Kwa sababu dalili za kichaa zikisha kumtokea mtu, ni kana kwamba hapana aponaye.

Basi kila mwenye mbwa na amchanje. Lakini chanjo humkinga mbwa na kichaa tu, haimwondolei hofu. Mbwa aliyechanjwa naye aweza kumrarua uso mtoto aliyekwenda kuokota mpira wake karibu na banda, na mara nyingi mbwa huyo hulipa kwa uhai wake jioni ile ile, kwa mawe au kwa sumu, na watu husema kwamba alikuwa mbwa mbaya tangu zamani. Hapana aulizaye alifundishwa nini, na nani, katika miaka yote aliyokaa pale chini ya mti.

Hofu hiyo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka utotoni. Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza habari za jaribio lililofanywa Bar Harbor, katika jimbo la Maine. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao katika uwanja uliozungukwa na ua mrefu, wasipate kuzoeana na binadamu. Kisha baadhi yao walitolewa wakae na watu kwa muda wa wiki moja. Wengine walipokuwa na umri wa wiki mbili, wengine tatu, wengine tano, saba au tisa, halafu wakarudishwa uwanjani. Wako ambao hawakutolewa kabisa mpaka walipotimiza wiki 14. Matokeo yalikuwa wazi. Wale waliokutana na watu tangu wiki ya tano hata ya tisa walikubali kuongozwa kwa kamba na kufundishwa. Wale waliokawia mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hata walipobembelezwa baadaye hawakulingana kamwe na wenzao. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi yaonekana ilimkusudia na mbwa pia.

Sasa yafikiriwe namna kijibwa aletwavyo nyumbani. Huchukuliwa kwa mama yake angali mdogo mno, hutiwa ndani ya gunia, hupakiwa katika matatu, na afikapo hufungwa siku ile ile ili awe mkali. Wako hata wanaomlisha pilipili wakidhani kwamba moto wa mdomoni utageuka kuwa ujasiri wa moyoni. Wiki zile chache ambazo angejifunza kwamba watu si maadui, huzimaliza akitazama ukuta.

Anayepata kijibwa leo na amwache kwa mama yake mpaka atimize wiki nane hivi, kisha asipoteze siku hata moja. Kijibwa aone mzee mwenye fimbo, mwanamke mwenye mwavuli, mtoto aliaye, mtu aliyevaa kofia ya chuma ya pikipiki, mkokoteni, ng'ombe, na ndoo ianguka juu ya saruji. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika bado, na magonjwa kama parvo huua vijibwa upesi, si vema kumtembeza chini mahali wapitapo mbwa wengine. Na abebwe mikononi au ndani ya kikapu, atazame kutoka juu huku akipewa kitu kitamu. Ni kazi ya robo saa kwa siku, nayo huokoa taabu ya miaka kumi.

Lakini wasomaji wengi hawana kijibwa. Wana mbwa wa miaka minne ambaye tayari amekwisha kuharibika, nao wataka kujua kama aweza kutengenezwa. Jibu ni kwamba, kwa kadiri kubwa, aweza. Na njia yenyewe imejulikana kwa muda wa miaka mia na zaidi.

Mwaka 1924, Bibi Mary Cover Jones wa New York aliandika habari za mtoto mmoja mdogo, asiyetimiza miaka mitatu, aliyemwogopa sungura kupita kiasi. Mtoto alipokuwa ameketi akila chakula apendacho, sungura aliletwa ndani ya kizimba na kuwekwa mbali, mahali ambapo kuonekana kwake hakukumzuia mtoto kula. Siku zilizofuata kizimba kilisogezwa kidogo kidogo. Mwishowe mtoto alimpapasa sungura kwa mkono wake mwenyewe.

Katika miaka ya 1940, daktari mmoja wa Johannesburg, Joseph Wolpe, aliliona jambo hilo hilo kwa paka. Paka wake walikuwa wametishwa ndani ya vizimba kwa nguvu za umeme, na baada ya hapo hawakukubali kula mle ndani hata wakishikwa na njaa. Jaribio lile lilikuwa la ukatili, wala hapana haja ya mtu yeyote kulirudia. Ila lililofuata lina faida. Wolpe alijaribu kuwalisha katika chumba kingine kilichofanana kidogo tu na kile cha kwanza. Walipokula huko bila wasiwasi, aliwahamishia katika chumba kilichofanana zaidi, kisha zaidi, mpaka wakala ndani ya kizimba chenyewe, na hofu ikaondoka. Kutoka kwa paka hao ilitokea namna ya kuwatibu watu wenye hofu, ambayo aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958, na ambayo waganga wa akili waitumia hata leo.

Siri ya mambo hayo yote mawili ni moja: kiogopwacho kionekane kikiwa mbali sana au kidogo sana, na kila kionekanapo, jambo jema lifuate.

Achukuliwe mbwa mmoja kwa mfano, naye aitwe Simba, kama waitwavyo nusu ya mbwa wa nchi hii. Simba hawezi kuvumilia muuza maziwa ajaye kila asubuhi na pikipiki yake. Mwenye Simba ataanza vipi?

Kwanza na amwondoe kwenye mnyororo. Ikiwa uwanja una ua imara, na afunguliwe kila siku, na ikiwa hauna, na apatiwe banda lenye nafasi ya kutembea, pamoja na matembezi ya asubuhi na jioni kwa kamba ndefu. Mbwa ashindaye amefungwa hajifunzi kitu, kwa sababu moyo wake umejaa hamu ya kujiokoa. Jambo hili huwashinda watu wengi, si kwa kukosa fedha za kujenga ua, bali kwa kuona haya ya kuonekana wakitembea na mbwa barabarani kama Wazungu wa Karen. Haya hiyo na waivumilie. Baada ya wiki mbili majirani watakuwa wameacha kutazama.

Pili na atafute kitu ambacho Simba akipenda kupita vyote. Mapafu ya ng'ombe, ambayo bei yake buchani ni ndogo, yakichemshwa na kukatwa vipande vya kadiri ya punje ya harage, yafaa sana. Dagaa wakavu nao wafaa. Kitu hicho kisitolewe ovyo wakati mwingine wowote. Kwa siku chache za kwanza Simba huitwa jina lake kwa sauti ya upole, na kila akigeuza uso hupewa kipande. Wengi hulita jina la mbwa wao wakati wa kumgombeza tu, ndiyo maana mbwa alisikiapo hukimbilia nyuma ya nyumba. Jina na ligeuke kuwa habari njema.

Tatu na atandike gunia mahali penye kivuli, mbali na lango. Simba akikanyaga gunia, apewe. Akilala juu yake, apewe tena, na tena, polepole, bila kelele. Baada ya siku kadhaa atalikimbilia gunia mwenyewe akiona mkono ukiingia mfukoni. Hapo na aongezewe neno moja, kama vile "gunia" au "mahali", nalo litumiwe neno hilo hilo na kila mtu wa nyumba hiyo. Mbwa hajali kama neno ni la Kiswahili, la Kikikuyu au la Kiingereza, lakini baba akitumia moja, watoto la pili na mfanyakazi la tatu, Simba atakuwa kama mwanafunzi mwenye walimu watatu wasiosemezana.

Mpaka hapo muuza maziwa hajatajwa, na ndivyo ifaavyo. Mwenye mbwa na apatane naye, au na ndugu ambaye Simba hamjui, aje wakati uliowekwa asimame nje, mbali kiasi cha kwamba Simba amwona lakini bado aweza kula. Umbali huo waweza kuwa hatua kumi, au hamsini. Kupima kwa macho hakufai. Kipimo ni chakula chenyewe. Mbwa akikataa nyama ambayo dakika moja iliyopita aliirukia, au akiinyakua kwa meno kwa namna isiyo desturi yake, basi mtu yu karibu mno, na arudi nyuma.

Hapa pana jambo moja dogo ambalo wengi hulikosea, nalo laweza kuiharibu kazi yote. Mtu aonekane kwanza, ndipo nyama ifuate. Ikitangulia nyama, kisha mtu atokee, Simba atajifunza kuwa nyama ni dalili ya hatari ijayo, na siku moja ataikimbia nyama yenyewe. Mtu akitokea, kipande. Mtu akijificha nyuma ya ukuta, vipande hukoma. Baada ya mara nyingi, mtu akitokea, Simba atageuka kumtazama bwana wake kana kwamba auliza, "Iko wapi?" Siku hiyo ni siku kubwa, japokuwa kwa mtazamaji haina maajabu. Maana yake ni kwamba kile kilichokuwa kikimtisha kimeanza kumletea matumaini.

Tangu hapo mgeni husogea hatua moja au mbili kwa siku. Dakika tano asubuhi na tano jioni zatosha, na kazi ikomeshwe mambo yangali mazuri, wala si baada ya kuharibika. Mgeni asimkodolee mbwa macho, asimkabili kifua kwa kifua, wala asimnyoshee mkono juu ya kichwa. Na asimame upande, azungumze na mwenye nyumba habari za bei ya maziwa, na Simba amwache. Akija siku moja kunusa kiatu chake, na anuse aende zake. Wenye haraka huona kwamba hapo ndipo pa kumpapasa, na kwa kumpapasa hupoteza kazi ya mwezi mzima.

Pikipiki ni jambo la pili, tofauti na mtu. Kwanza na izoewe ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma mbali, kisha ikipita. Kuyaleta mambo yote pamoja siku ya kwanza, mtu mgeni, mtambo wake, na madebe yagonganayo, ni kama kumpa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa darasa la nane.

Tena pana siku za kurudi nyuma. Simba aliyekuwa ametulia Jumanne atabweka kama mwendawazimu Jumatano, pengine kwa sababu usiku kucha hakulala, au mtu alimrushia jiwe kupitia uani. Siku hiyo na arudishwe kwenye umbali aliokuwa akiuweza wiki iliyopita, bila ya ugomvi. Na ikiwa mbwa aliyekuwa mtulivu amebadilika ghafla, daktari wa mifugo na amtazame kwanza. Sikio lililooza kwa kupe, jino lililovunjika, au nyonga yenye maumivu, humfanya mnyama yeyote kuogopa kuguswa, wala mafunzo hayawezi kuponya jino. Daktari huyo huyo ndiye wa kusema ikiwa mbwa mwenye hofu nyingi mno ahitaji dawa ya kumsaidia ajifunze. Dawa za usingizi za binadamu zisitolewe hata kidogo. Na mbwa aliyekwisha kuuma mtu asianze mafunzo haya bila ya mshauri ajuaye kazi yake, na watoto wakae mbali kabisa.

Na fimbo je? Wako wasemao kwamba mambo haya ya vipande vya mapafu ni ya wavivu, na kwamba baba zao walitengeneza mbwa kwa fimbo, na mbwa wakatengenezeka. Ni kweli kwamba fimbo hunyamazisha. Mbwa apigwaye kwa sababu ya kunguruma hujifunza kutonguruma, hajifunzi kutoogopa. Mngurumo ni onyo lake, na aliyemwondolea onyo amemwachia meno peke yake. Siku atakapouma, atauma kimya, na watu watasema kwamba aliuma bila sababu. Zaidi ya hayo, mbwa apigwaye mgeni awapo langoni hujifunza jambo moja tu juu ya mgeni: akija huyu, mimi hupigwa. Kesho atamchukia zaidi. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabia mtu kosa la kumpiga mnyama kikatili, lakini hata kama isingekuwako, fimbo ingekuwa hasara kwa mwenye mbwa mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa wale wamburutao mbwa mpaka miguuni pa kile akiogopacho wakisema kwamba atazoea. Mara nyingine mbwa huyo hutulia kweli, akalala chini asijitingishe, na mwenyewe hufurahi kwamba dawa imefanya kazi. Huyo hakuzoea. Amekata tamaa, na tofauti yake huonekana mtu ampapo nyama, kwa maana haigusi.

Juu ya ngurumo na fataki yapasa kusemwa mbali, kwa kuwa hofu hiyo ni ya pekee. Mbwa husikia milio myembamba isiyofika kabisa masikioni mwa binadamu. Basi na ifikiriwe mvua ya masika ikishuka juu ya bati lisilo na dari, na mbwa amefungwa kwenye nguzo ya paa hilo hilo. Usiku wa Diwali na usiku wa mwaka mpya, mbwa wengi wa Nairobi hukata minyororo na kupotea, au hujinyonga wakiruka ua. Mwenye kujua tarehe na ajitayarishe: mbwa atembezwe mapema, alishwe, kisha aingizwe ndani ya chumba chenye mapazia, redio ikiimba kwa sauti ya kadiri, na pembe ya kujificha, hata kama ni chini ya kitanda. Akija kumwegemea mtu, na aachwe amwegemee. Maneno kwamba kumfariji mbwa mwoga humwongezea woga hayana msingi. Hofu si hila atumiayo ili apate zawadi. Katika miezi isiyo na fataki, milio iliyorekodiwa katika simu yaweza kuchezwa kwa sauti ndogo mno wakati Simba alapo, na kuongezwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Ni njia ile ile ya sungura na kizimba.

Lakini kumtuliza mbwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumtia moyo, na hiyo haihitaji mgeni wala pikipiki. Mbwa hupata moyo kwa kufanya kazi na kufaulu. Chakula chake cha jioni, badala ya kumwagwa chote katika sufuria, chaweza kufichwa sehemu sehemu uani, chini ya jani la mgomba, nyuma ya tofali, ndani ya kopo lililolala, naye akitafute kwa pua. Mbwa mwenye wasiwasi ainamishapo pua yake na kuifuata harufu, mkia hulegea, pumzi hubadilika, na kwa dakika kumi husahau lango. Ubao ukiwekwa juu ya matofali mawili, aweza kufundishwa kuupanda kwa hiari yake. Neno hiari ndilo kubwa hapo. Akikataa leo, asisukumwe. Ubao na ulazwe chini kabisa, na akiukanyaga kwa mguu mmoja apewe kipande. Mbwa aliyeona mara nyingi kwamba hapana amlazimishaye, na kwamba akijaribu hupata, huanza kuvisogelea vitu vigeni kwa pua badala ya kuvikimbia.

Watoto wa nyumbani waweza kusaidia sana katika michezo hiyo, na wengi wao huwa walimu bora kuliko baba zao, kwa kuwa hawaoni haya kumsifu mbwa. Ila nao wafundishwe yao: wasimsumbue alapo au alalapo, wasimkumbatie shingoni, na mkia wake si kamba ya kuvuta.

Huulizwa kama mbwa aliyefanyiwa hayo yote hatakuwa mpole kupita kiasi, akamkaribisha mwizi kwa kumrambaramba. Hofu hiyo ya wenye nyumba yaeleweka, maana wengi hawakumleta mbwa ili awe rafiki. Walimleta kwa sababu ya kuku, ng'ombe na mlango. Lakini mbwa aliyejua muuza maziwa ni nani, na mwalimu wa jirani ni nani, na wote huja saa ngapi na kwa njia gani, ndiye awezaye kumtambua yule asiyekuwa miongoni mwao. Aogopaye kila kitu hawezi kuchagua. Tena mbwa mwoga hurushiwa kipande cha mkate na mwizi mwenye subira, au hutishwa kwa kokoto mbili akaingia bandani, na wezi wayajua hayo vizuri kuliko wenye mbwa.

Muda wa kazi hiyo hauwezi kutajwa kwa hakika. Mbwa mmoja huhitaji wiki tatu, mwingine mwaka. Wako ambao hawatapenda wageni kamwe. Hao wapewe chumba chao nyuma ya nyumba siku ya karamu, na isihesabiwe kuwa ni aibu.

Kwa Simba na ihesabiwe miezi minne. Asubuhi pikipiki inapokata kona, yeye hubweka mara mbili, hutazama mlango wa jikoni, kisha huenda kulala juu ya gunia lake akingoja kipande. Muuza maziwa hupima chupa mbili, hulipwa, huondoka. Na usiku Simba abwekapo, mwenye nyumba huamka akawasha taa.